Bamba la Funguo

Mjomba alipostaafu ufundi bomba tulidhani atapumzika. Wapi. Alinunua mashine ya kutafutia vyuma ardhini, fimbo ndefu yenye kisahani chini, akawa anashinda kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa akisaka sarafu za kale. Majirani walimbatiza Bwana Pii kwa mlio wa mashine yake, naye akaitika bila kinyongo.

Wenye mashamba walimpa sharti moja: kila chuma atakachofukua aondoke nacho, kisije kikaharibu trekta. Alilishika sharti hilo barabara. Sarafu aliziweka kabatini, na kila moja alikumbuka ilitoka tuta gani. Ukimuuliza, chai yako itapoa. Takataka alizirundika nyuma ya nyumba, isipokuwa alichoona kinafaa kazi.

Mwaka huu Mama, dada yake mkubwa, alizidiwa na figo, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike, ambaye hakukaa sana duniani. Mjomba alikuwa mbali akisomea ufundi, hakuambiwa. Baba alimzika mtoto kwenye shamba la ng'ambo ya reli, walikokuwa vibarua. Hawakuwa na uwezo wa saruji, basi alikata bamba la chuma, akalitoboa matundu kwa umbo la ua, akalifukia juu kidogo ya mwanawe. Baadaye walihama, na shamba likalimwa lote.

"Nataka nikae naye kidogo kabla sijaondoka," alisema Mama. "Mdogo wangu ana ile mashine. Atanionyesha alipo."

Bamba lile nililijua. Nikamwambia ngoja niende peke yangu kwanza, lakini Mama akishaamua ameamua, ingawa tangu miguu ianze kuvimba, kabla Mjomba hajastaafu, alikuwa hatoki, na Mjomba ndiye aliyekuja kwetu siku zote.

Tulilikuta ukutani kwa Mjomba, kando ya mlango, limepakwa rangi ya kijani, kila tundu lina ndoano ya funguo. Mama alizitoa funguo moja moja, akaziweka kitini.

"Hili ulilitoa wapi?"

"Ng'ambo ya reli, dada. Zamani sana." Mjomba alitabasamu; alipenda kuulizwa. "Zuri, eh?"

"Sehemu gani ya shamba?"

Hapo ndipo Mjomba alipomtazama usoni. Mimi ndiye niliyemweleza, maana Mama alishindwa. Mjomba alikaa sakafuni, kichwa mikononi. Sarafu zote alizikumbuka, lakini siku ile bamba lilikuwa takataka tu, na takataka hakuwa akizikumbuka. Nilimwonea huruma, na nilimchukia pia.

Asubuhi tulikwenda shambani. Mjomba alilizunguka lote huku jasho likimtiririka, na mashine haikulia hata mara moja. Alikuwa amelisafisha vizuri mno. Mama alimsubiri kwenye kiti tulichombebea, bamba likiwa mapajani.

Mwishowe Mjomba alisimama katikati ya mabua, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Ni hapa, dada."

Mama aliinuka, nikamshika mkono hadi pale. Alimtazama mdogo wake.

"Tangu utotoni hujui kudanganya," alisema.

Kisha akavua viatu, akaketi chini, akampa bamba alifukie.