Mpaka Uliobebwa kwa Ndoo

Wenye magari wanaosimama kando ya Barabara ya Ngong, karibu na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, hutuita watu wa maua. Hushusha kioo, huuliza bei bila salamu, husema Parklands ni nafuu kuliko hapa, kisha hao wanakwenda zao. Wangejua Parklands wananunua kwetu! Mimi nauza vyungu, udongo na samadi. Jirani yangu ni Wamucii, ambaye sote tunamwita Mama Nyawira, na huyo ndiye mwenye maua hasa: waridi, bogenvilia, miche ya kayaba ya kuzungushia ua, na majani ya Pemba kwa wale waliojaliwa kuwa na uwanja mbele ya nyumba. Nasimulia habari zake kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda.

Kwanza mjue ni mtu wa namna gani. Ni mkali. Mteja akijaribu jani kwa ukucha, Wamucii humuuliza, "Na mimi nikikufinya masikio, utaskia aje?" Lakini mmea ukiugua, mwanamke huyo hubadilika kabisa. Mimi nikiona mche umeoza mzizi nautupa na kuendelea na kazi yangu. Yeye huja kuuokota kwenye takataka zangu, akinitazama kama muuaji, akaukata mahali palipooza, akaupanda upya kwenye kopo huku akiutukana kwa Kikuyu. Mara nyingi huo mche hupona, naye huuweka mahali ambapo lazima niuone kila nikipita. Hawezi kuona kitu chenye mizizi kikifa akaacha kukigusa. Nilizoea kumcheka kwa hilo, na sasa sicheki tena.

Asubuhi tukimwagilia maji tulibishana siasa. Yeye Mkikuyu, mimi Mkamba wa Machakos, kwa hiyo mabishano hayakukosa mafuta.

"Nyinyi Wakamba mtafuata huyo mtu wenu mpaka lini?" husema.

"Wetu amekosa kiti, Mama Nyawira. Wenu wamepata, na wewe bado unachota maji mtaroni kama mimi."

Hapo huniita mjinga, nami humwita shabiki, tukanywa chai ya thermosi yake. Kwa kweli hakuna mwanasiasa aliyewahi kutufanyia lolote. Hukumbuka tuko hapa wanapotaka miche ya bure wakapigwe picha wakiipanda, na miche hiyo hukauka wiki inayofuata kwa kukosa mtu wa kuimwagilia.

Mwanasiasa aliyemuumiza Wamucii hasa ni wa nyumbani kwake. Aliolewa Riruta na Waithaka, fundi seremala, mtu mpole aliyefariki mapema. Kabla ya hapo, baba mkwe alikuwa amewagawia wanawe wawili shamba. Waithaka alipewa upande wa mteremkoni, ndugu yake Muigai akapewa upande wa barabarani. Karatasi ya shamba ilibaki na jina la mzee, kama ilivyo kwa nusu ya watu wa huko Dagoretti. Mpaka uliwekwa kwa matoka.

Matoka, au itoka likiwa moja, ni maua yenye kitunguu kikubwa ardhini, majani mapana, na ua jeupe lenye mistari myekundu. Kwa Wakikuyu wa zamani mzee akigawa ardhi, huyapanda kwa mstari mbele ya ukoo, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeyagusa. Kwetu Machakos tunapanda mkonge, ambao ukijaribu kuuiba unakuchoma kwanza. Nilimwambia Wamucii kwamba Wakikuyu ni watu wa ajabu, kukabidhi ardhi yote hiyo kwa ua. Alinijibu kwamba ua lile lina nguvu kuliko ukuta, maana ukuta hauna laana.

Waithaka aliacha mtoto mmoja, Nyawira. Siku hizi ni msichana mkubwa, anauza katika duka la dawa kule River Road, mjini, na jioni anarudi katika chumba kimoja cha kupanga anachoishi na mama yake. Muigai aliwahi kuwaambia wahame kwa muda, atengeneze paa la nyumba yao. Paa likatengenezwa, na wapangaji wakaingia. Wamucii alivumilia kwa sababu sehemu ya mteremkoni ilikuwa bado wazi, na matoka yalikuwa yamesimama mahali pake. Alikuwa na ndoto moja tu: Nyawira ajenge pale.

Kisha Muigai akaamua kugombea udiwani. Huku wote wakimwita Mheshimiwa kabla hata kura hazijapigwa, akataka majumba ya kupangisha, na lori likamwaga mchanga na kokoto juu ya mpaka.

Asubuhi ile Wamucii alifika kazini akiwa na gunia mgongoni na matope mpaka viwikoni.

"Musili, nisaidie haraka, jua isipate haya mizizi."

Tulipanda vile vitunguu vya matoka kwenye ndoo na makopo. Vingine vilikuwa vimepasuliwa na kokoto. Alivisafisha kimoja kimoja, akavipaka majivu penye kidonda. Mvua za masika zilipokuja, vikachanua vyote. Mama mmoja wa gari kubwa alitaka kuvinunua vyote vikapambe lango lake, akamsihi kweli kweli.

"Hii si ya kuuza," Wamucii alimwambia. "Hii ni mpaka ya shamba ya mtoto wangu."

Yule mama alicheka akidhani ni mzaha.

Wamucii alikwenda kushtaki kwa chifu, akaambiwa hilo ni jambo la familia, wamalizane nyumbani. Akaomba wazee wa ukoo wakae. Wakakubali kukaa Jumamosi. Ijumaa yote hakuuza kitu cha maana. Alichagua itoka lililokuwa zuri kuliko mengine, akalihamishia kwenye ndoo nyeupe, akapangusa majani kwa kitambaa chenye maji, jani baada ya jani. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile.

"Utanibebea ndoo," aliniambia. "Wazee wakiona matoka yenyewe, nani atabisha?"

Sikuona wa kubisha. Ushahidi gani mwingine ungepita huo?

Tulifika Riruta tukakuta hema. Lilikuwa hema la kampeni, lenye uso wa Muigai umetandazwa mpaka pembeni, meno yote nje. Viti vyake, kofia zake, soda zake. Wazee walikuwa wameshavaa kofia. Nikajua tumekwisha kabla hatujaanza. Nyawira alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaja na sare yake ya duka la dawa, akaketi nyuma ya mama yake.

Aliyeongoza kikao ni Mbuthia, binamu wa marehemu baba mkwe. Yeye hakuwa amevaa kofia, wala soda yake haikufunguliwa. Alimsikiliza Wamucii kwa makini tangu siku ya kugawiwa shamba mpaka siku ya lori. Wamucii alipomaliza, aliniashiria, nikaweka ndoo katikati ya hema.

"Hayo ndiyo matoka ya baba," alisema. "Yale yale aliyopanda na mkono wake. Muigai aseme kama si yenyewe."

Niliona wazee wakitazama ile ndoo na wengine wakirudisha viti nyuma. Mmoja alivua kofia, akaishikilia gotini. Mimi, Mkamba wa watu, nilidhani wameshikwa na aibu.

"Muigai," Mbuthia akauliza, "wewe uligusa haya?"

"Sikugusa hata moja. Nilimwaga mchanga. Mchanga inatolewa."

"Nani aliyang'oa?"

"Ni mimi," Wamucii akasema, bado akiwa na ile furaha. "Niliyatoa yasife. Yote yamepona, hakuna hata moja imekufa."

Mbuthia aliinamisha kichwa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya huruma, na nafikiri huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Mama, mchanga tungeuondoa. Tungeyakuta hapo chini. Hata yakiwa makavu, hata yakiwa yameoza, tungeyakuta kwa mstari wake na Muigai angeaibika mbele yetu. Sasa mstari uko wapi? Na unajua anayeng'oa itoka la mpaka ni nani kwetu: ni mtu wa laana. Hatuwezi kuketi naye kuongea juu ya huo mpaka. Hata hapa tumekosea."

Hawakuchukua muda. Wakasema mpaka haupo, shamba ni moja, na mwana aliyebaki ni Muigai. Juu ya Nyawira walisema kwamba msichana ataolewa. Wamucii aliomba waende naye mteremkoni, awaonyeshe palipokuwa na kila itoka, maana anapakumbuka. Wakamwambia kumbukumbu ni yake peke yake. Muigai alimpa pole. Nilitamani kumtia hicho kichwa chake ndani ya pipa la samadi.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba nilikwenda pale tayari kuwachukia wale wazee kwa sababu ya hongo ya soda. Ningewachukia vizuri, nikarudi na hasira iliyonyooka. Soda zile hazikuhitajika hata kidogo. Muigai angeweza kuwanywesha maji ya mtaroni na bado angeshinda. Alishindishwa na mikono ya shemeji yake mwenyewe, mikono ile inayookota miche yangu iliyooza.

Tulitembea mpaka Barabara ya Naivasha, mimi na ndoo yangu, Wamucii katikati, Nyawira pembeni. Tulipofika kituoni Nyawira ndiye aliyesimama kwanza.

"Mum, si ungeniita tu? Tungechukua sepetu tutoe huo mchanga."

"Ungefika saa ngapi kutoka tao? Yalikuwa yanapondwa, Nyawira. Yangekufa."

"Si ungeyaacha yakufe!"

Watu kituoni waligeuka. Wamucii alinyoosha mkono amshike bega, msichana akausukuma.

"Yangekufia hapo kwa shamba ya Daddy," alisema huku akilia. "Mimi ningekuwa na kwetu."

Alipanda gari la mjini peke yake, akaketi upande ule mwingine ambako hatukuweza kumwona.