Siku Niliyoyatia Machungwa Rangi ya Machungwa

Aibu hii nimeificha miaka mingi, hata mke wangu aliisikia kwa watu, lakini kwa kuwa mnanicheka kila siku kwa mambo madogo, afadhali leo niwape kubwa mcheke mpaka mshibe.

Nilikuwa mwalimu wa muda katika shule moja ya msingi Koboko, huku Uganda, miaka ile tuliporudi kutoka uhamishoni Zaire, na nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: barua ya kunithibitisha kazini. Mwalimu wa muda hafukuzwi, haambiwi kitu, muhula ukifunguliwa anakuta mtu mwingine ameshika chaki yake.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kupenda asili ya maneno (mpaka leo sijapona). Nilikuwa na kamusi kuukuu ya Kiingereza, haina jalada, niliipata sokoni Arua, na humo nikasoma kwamba ‘orange’ lilikuwa jina la tunda kwanza, rangi ikafuata baadaye. Neno lenyewe limetoka huko kwa Wahindi, likapita kwa Waajemi, Waarabu wakasema naranji, likasafiri mpaka likawafikia Waingereza, ambao kabla ya kuliona tunda walikuwa wanaiita rangi hiyo njano-nyekundu, basi, wakaridhika. Nilifurahi mpaka usingizi ukanipotea. Nikaenda kuwamwagia darasa la sita yote, nikawaambia hata sisi ni hivyo hivyo, tunasema rangi ya machungwa, kwa hiyo tunda ndilo mama wa rangi.

Zubeda, binti wa fundi baiskeli, akasimama. “Mwalimu, machungwa ya hapa yote iko kijani. Hata ikiiva iko kijani. Sasa hao watu walitoa rangi wapi?”

Hapo nilitakiwa kusema sijui. Neno moja tu. Lakini nikasema, “Kesho nitakuletea ushahidi,” na kesho yenyewe (nilikuwa najua fika) ndiyo siku ya mkaguzi kutoka Arua, ambaye ndiye huleta barua za kuthibitisha walimu.

Nilizunguka soko zima, machungwa matamu, kijani kitupu. Nikarudi nyumbani nimechoka, nikamkuta habuba, bibi yangu mzaa mama, yuko uani anapika rangi. Wanawake wetu wa Kinubi wanasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vyenye rangi kali kali, na rangi yake ni ya unga, inachemshwa na chumvi, ikishika imeshika. Sufuria ya kwanza ilikuwa zambarau. Ya pili, wallahi, ndiyo ile niliyoitafuta sokoni kutwa.

“Habuba, hii inashika kwa kitu gani?”

“Kila kitu. Juzi imeshika kuku.”

Alipoingia ndani kuswali alasiri, nikachukua machungwa sita, nikayaparua ule ukijani kwa wembe kama wanavyofanya wauzaji, nikabakiza weupe, nikayatumbukiza. Yalitoka mazuri mno, nikajiona msomi.

Asubuhi mkaguzi akaketi nyuma ya darasa, mzee mtaratibu mwenye koti la kijivu. Somo likaenda kama maji. Nilipoinua chungwa langu darasa zima liliguna, isipokuwa Zubeda, ambaye alikuwa ananitazama vidole.

“Mwalimu,” mkaguzi akasema, amesogea mbele, “hii umetoa wapi? Mimi niko huku miaka yote, sijaona.”

“Ayivu, mzee,” nikasema, nikitaja vijiji vya kando ya Arua (ulimi hauna mfupa).

“Ayivu wapi? Mimi ni mutu ya Ayivu.”

Nikababaika, nikataja njia ya Manibe, huko huko Ayivu, na yeye kwa hamu ya kujua akachukua moja, akalipasua kwa dole gumba, akala. Palikuwa na joto, maji ya chungwa yakamtiririka, na rangi ya habuba ikafanya kazi yake: vidole, midomo, mpaka meno. Zubeda akainua mkono.

“Mzee, mdomo yako iko orange.”

Neno alikuwa amelielewa vizuri, hilo nawahakikishia.

Hedimasta akaleta maji na sabuni, akamsugua mkaguzi, rangi haikutoka. Nikaeleza yote, mpaka habari za kuku. Mzee hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka.

“Huko inatoka machungwa ya rangi hiyo iko baridi,” akasema. “Baridi ndiyo inageuza ganda. Hapa kwetu joto halipungui, chungwa inaiva na kijani yake. Mtoto aliuliza swali nzuri, mwalimu, na jibu nilikuwa nayo. Ungesema tu hujui.”

Akaingiza mkono katika koti, akatoa bahasha, akaitazama, akairudisha mfukoni. Halafu akaondoka kwenda mkutanoni Arua na mdomo ule ule. Jioni habuba hakuuliza habari ya aibu yangu, aliuliza rangi yake imenywewa na nani.

Nilikaa mwalimu wa muda mwaka mwingine mzima, kila muhula nafungua mlango wa darasa nikitazama kwanza nani ameshika chaki. Ndipo bahasha ile ya mkaguzi ikaja. Ndani jina langu limepigwa taipu vizuri, nimethibitishwa, na tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita. Kwenye kona ya bahasha palikuwa na alama za vidole viwili, rangi ya machungwa, haijapauka hata kidogo.

Ninayo mpaka leo, iko ndani ya ile kamusi. Mtoto akiniuliza kitu nisichokijua naikumbuka kona ile, halafu namwambia sijui, mwanangu, twende tukaulize.