Kanisa Ilinuka Kitunguu Juu Yangu

Kuna Jumapili kanisa yetu ya Mbotela ilinuka kitunguu mpaka pasta akafungua madirisha zote.

Ni mimi nilisababisha.

Naitwa Muthoki, niko Form Three. Mimi ni wa kunyamaza. Hata jina ikiitwa darasani najibu chini chini.

Kwa klabu ya sayansi, Mwalimu Nyongesa alituonyesha websaiti moja. Watafiti wa magonjwa huweka huko protini za mwili na vitu vidogo vyenye hushikana nazo, kama funguo na kufuli. Wanaotafuta dawa huanzia hapo.

Nikachagua ugonjwa wa sukari.

Wacha nipate kitu iko ndani ya kitunguu nyekundu, inashika protini moja ya sukari!

Nikafika nyumbani, mathe, yaani mamangu, anakatakata sukuma wiki.

"Mathe, kitunguu inashika protini ya sukari. Nimeona kwa kompyuta."

Kisu ikasimama.

"Kweli?"

"Eeh."

Aki vile aliniangalia! Sijawahi angaliwa hivyo. Sikuongeza kitu.

Jumapili, saa ya ushuhuda, mathe akachukua maiki.

"Bwana asifiwe! Msichana wangu ameona dawa ya sukari! Ni kitunguu, mbichi!"

Amen ikapigwa.

Nikaangalia viatu zangu. Hiyo ukurasa ilisema imejaribiwa kwa chupa ya maabara tu. Nilikuwa nimesoma. Lakini kusimama mbele ya watu wote, nimrekebishe mamangu? Singeweza.

Wiki hiyo ploti yote, majirani wote, ilikuwa inatafuna kitunguu. Cucu Teresiah, nyanya wa mlango wa pili, akanikumbatia, "Daktari wetu!" Hiyo pumzi nusura iniangushe.

Hata mathe alikuwa anatafuna. Ati ya homa.

Jumapili iliyofuata ndio madirisha zikafunguliwa.

Roho ikanisumbua, nikaambia mwalimu. Hakucheka.

"Muthoki, funguo inaweza ingia kwa kufuli na mlango usifunguke. Kushika si kuponya. Kuna mtu ameacha dawa ya hospitali?"

Hiyo sikuwa nimefikiria.

Jumapili ya tatu nilisimama. Nikachukua maiki.

"Bwana asifiwe. Nilikosea. Kitunguu si dawa. Kama uliacha tembe, tafadhali rudi hosi."



Halafu Mama Wanja akaropoka huko nyuma, "Na vile bwanangu amehamia kochi juu ya hii harufu!"

Kanisa ikavunjika mbavu. Nilitaka sakafu inimeze.

Cucu Teresiah akasema, "Mimi sikuacha tembe, mtoto. Kitunguu nilikuwa naongezea tu."

Nikapumua. Nikageuka nione kama mathe ananicheka pia.

Alikuwa analia.

Nyumbani akaingiza mkono kwa mkebe wa unga, akatoa paketi ya tembe. Imejaa.

"Niliacha ile siku uliniambia."

"Mathe, kwani wewe ndio mgonjwa?"

"Tangu mwaka jana. Sikutaka usome ukiniwaza."

Ndio nikaelewa kwa nini kisu ilisimama.

Jumatatu nilimsindikiza hosi. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Nesi akamgombeza, "Mama, nani alikudanganya uache dawa?"

Mathe akasema, "Ni watu tu."

Nilikuwa nimekaa hapo kando yake. Hakunitaja. Heri angenitaja.

Wasee, kama unajua nusu ya kitu, sema pia ile nusu hujui. Usingoje mtu akuulize. Mwenye anakupenda hatakuuliza, ataamini tu.

Siku hizi asubuhi mimi ndio namletea maji ya tembe. Nangoja mpaka ameze.

Kitunguu tunakaangia sukuma.