Risasi Iliyovaa Koti

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya barua moja na kiburi kingi. Barua ilitoka kwa Mama Kulwa wa Bugarama, mjane mwenye mapacha na shamba moja la mahindi. Nyani wamekwisha kula theluthi yake, aliandika, na bwana nyama asipofika upesi, watoto hawatakuwa na chakula hadi mvua nyingine. Bwana nyama nilikuwa mimi, askari wa wanyamapori, Mzaramo niliyeletwa kuwafundisha Wasukuma mambo ya porini kwao.

Kiburi kilitoka kwenye boksi. Ulikuwa wakati ule wa upungufu wa kila kitu, na mkuu wangu hakutaka kusikia nyani ameuawa kwa risasi ya nyati. Mgeni mmoja aliyekuja kuwinda alituachia risasi kumi na mbili za aina mpya. Ganda lilikuwa lilelile la bunduki yetu kubwa, ila kichwa kilikuwa kidogo kama ncha ya penseli, kimevikwa koti la plastiki ili kijae mtutuni. Ukipiga, koti linadondoka hatua chache mbele, na kichwa kinaendelea peke yake kwa kasi ya ajabu.

"Kawaonyeshe," mkuu aliniambia. "Na ukiona gobole lisilo na leseni, kamata."

Nikasema ndiyo mzee. Kuzijaribu kwanza hakukunijia akilini, maana nilikuwa mpigaji bora wa ofisi yetu, ofisi yenye wapigaji wawili.

Saa mbili asubuhi tulikuwa Samuye. Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe, kwa hiyo nilipanda lori la pamba. Dereva aliposimama kupoza rejeta nilimtolea risasi moja aione.

"Mbona imevaa koti na jua lote hili?" akauliza.

Nilimhutubia juu ya maendeleo ya sayansi mpaka rejeta ikapoa.

Kahama nililala, na kesho yake nikapata lori la wachimbaji wa dhahabu lililonishusha Bugarama alasiri, mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Mama Kulwa alinipokea kwa maji ya kunawa na ugali wa mtama. Aliniomba radhi kwamba ugali wa mahindi hauna uhakika mwaka huu, nami nikamwambia kesho hii atasahau kama nyani waliwahi kuumbwa. Maneno hayo bado yananiuma.

Jirani yake Masanja, fundi baiskeli, alikuja kunitazama. Aliposikia mimi ni Mzaramo, alifurahi kama aliyepata urithi, maana kabila lake na langu ni watani.

"Karibu, mtumwa wangu! Kwenu ni ngoma tu. Bunduki mmeanza lini?"

"Tangu mlipoanza kuvaa viatu," nikamjibu.

Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kilikuwa pembeni mwa shamba. Nyani waliingia, na mbele yao dume moja zee, kifua wazi, likitembea kama mwenye shamba. Nililenga katikati ya kifua, nikapiga. Vumbi liliruka mbali kabisa kulia. Dume liligeuka kutazama vumbi. Nikapiga tena, na tena. Watu walianza kwa kushangilia, wakaja kukohoa, mwishoni wakanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Risasi ya nane ilitoboa debe lililoning'inia kwenye nguzo, debe ambalo Mama Kulwa alikuwa akiligonga kutwa kufukuza nyani. Ya kumi na mbili sijui ilikwenda wapi hadi leo. Nyani walikuwa wameketi wanamenya mahindi.

Mama Kulwa alilishusha debe lake, akachungulia kwenye tundu.

"Bwana nyama," alisema taratibu, "jana walikuwa wanakimbia wakiona hata fimbo."

Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekuja kumwokolea mahindi, nikaishia kuwafundisha nyani kutoogopa bunduki.

Masanja aliokota kijikoti cha plastiki mbele yangu, akakigeuzageuza.

"Kumbe ni kitambaa tu," akasema. "Hata sisi gololi ikiwa ndogo tunaivika kitambaa. Lakini ukibadili gololi au kitambaa, kwanza unapiga kichuguu, uone inaangukia wapi. Kila mzigo una njia yake. Wewe ulipiga kichuguu gani, mtani?"

Bunduki yangu ilikuwa imerekebishwa kwa risasi nzito, na mimi nikaipa nyepesi bila hata kuiuliza.

"Basi geukia kule," Masanja akasema. "Kuna kitu hutakiwi kukiona."

Niligeuka. Nilisikia akitoka nyumbani kwake, kisha akinong'ona kwamba hana kitambaa kizuri. Nilichomoa shati la sare kwenye suruali, nikamnyooshea mkia wa shati kwa nyuma bila kutazama. Kisu kikapita, mkia ukaenda.

"Gobole linataka hatua ishirini," alisema akishindilia. "Zamani hawakuniruhusu hata mia. Umewazoesha vizuri sana."

Nilisikia hatua zake zikiwaendea taratibu, kama za anayekwenda kusalimia. Mlio ulikuwa mmoja. Nilipogeuka, dume lilikuwa chini, na wengine wakipotea vilimani wakipiga kelele. Gobole lilikuwa limekwisha kutoweka.

Siku tatu nilingoja. Hawakurudi.

Siku ya kuondoka Mama Kulwa alinifungia mahindi mabichi manne.

"Haya nilimpa Masanja," alisema. "Amesema upewe wewe, maana shati ni lako. Wabeja, asante sana."

Kutoka Kahama nilirudi Shinyanga kwa lori lilelile la pamba, na dereva alipouliza habari za koti nilijifanya nimelala. Njiani niliandika ripoti: nyani dume mmoja ameuawa, kundi limehama, risasi kumi na mbili zimetumika. Hakuna neno la uongo humo.

Mkuu aliisoma mara mbili, akatabasamu, akasema atamwandikia yule mgeni atuletee nyingine.

"Zikija, mzee," nikasema, "naomba tuanze na kichuguu."

Hakuelewa. "Na magobole?"

"Sikuona hata moja, mzee."

"Vizuri. Mbona umesimama kama mti? Chomoa shati upate hewa, umetoka mbali."

Nilimwambia niko sawa hivyo hivyo, nikatoka ofisini kinyumenyume, maana shati lisilo na mkia halikai ndani ya suruali.