Bata wa Mbao wa Nazmi

Rifki kinyozi aliacha mkasi, ila kukagua vichwa vya watu hakuacha, na kichwa cha Nazmi hakikumpendeza tangu siku ya kwanza.

Kila mwaka majani yakianza kupukutika, Rifki huketi na chupa yake ya chai kando ya ziwa lililo nyuma ya maghorofa ya mwisho ya Ankara, akiwangoja bata mwitu washukao kutoka kaskazini. Mwaka jana wawindaji waliwamiminia risasi, wasitue. Mwaka huu ndio wake wa mwisho: kabla ya theluji mwanawe anamhamishia Izmir.

Ndipo akazuka huyo Nazmi, na gunia lake na viatu vya kiwindaji, salamu tamu kama sharubati. Alimkaribisha simiti, ule mkate wa duara wenye ufuta. Rifki mkate aliula, mtu hakummeza.

Asubuhi moja ya ukungu, darubini ilimwonyesha bata katika kihori kidogo, maji ya ziwa yalipoingia nchi kavu, wametulia mno. Hawapigi mbizi wala hawachokoi manyoya. Wa mbao! Kila mwindaji wa huko huwafunga hivyo kwa kamba na jiwe, ili walio angani waone wenzao, washukie mtutu. Rifki akakunja suruali, akawatoa wote majini, akawatia katika gunia la Nazmi lililoachwa ukingoni, akalikalia.

Kundi likaja. Likazunguka juu ya kihori, likaona maji matupu, likaelekea kwenye matete ya ng'ambo. Bunduki zikalia huko.

Nazmi akatokea, mikono mitupu.

"Fundi, umewakalia bata wangu?"

"Nimewakalia. Na bunduki yako umeikalia wapi?"

"Niliiuza. Zamani niliwaita kwa mbao hizi waje wafe. Sasa nawaita watue huku, risasi zisikofika. Leo umewafukuza wewe."

Rifki hakusadiki. Alimpapasa koti na mifuko kama askari wa forodha, akaambulia mbegu za alizeti tu. Lakini mbali, juu ya minara ya simu, mstari mwingine mweusi ulikuwa unakuja.

Akaingia majini na suruali yake, viungo vikimlalamikia, akawarudisha bata mmoja mmoja. Wa mwisho akambana kwapani.

"Huyu rehani," alisema. "Nikisikia mlio wa bunduki, namtia jikoni."

Kundi likainama, likashuka, maji yakachemka kwa mabawa. Darubini ilining'inia shingoni, Rifki hakuikumbuka.

Nazmi akamnyooshea mbegu. Rifki akasubiri kwanza mwenyewe atafune.