Mirija ya Bukiriro

Ninao ugonjwa mmoja ambao sijaupatia dawa: nikimwona mtu mzima anafundishwa namna ya kunywa, nacheka. Siku ile nilicheka kwa sauti, ukumbini pale Ngara mjini, mbele ya mkufunzi na wenzangu wote wenye migahawa. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Tulikuwa tumeitwa kwenye semina. Mirija ya plastiki imepigwa marufuku, na vijiko na uma za plastiki vilevile, ndiyo tukaitwa tuje tufundishwe tutaishije. Tutaishije! Ungedhani wametunyang'anya chumvi. Bwana mmoja mwenye mgahawa, mtu mzima na kitambi chake, alisimama akauliza kwa uchungu kwamba sasa mteja wake atakunywaje soda. Nikaitazama midomo yake, minene, mizuri kabisa, nikajiuliza anadhani alipewa ya kazi gani. Mama mwingine akalalamika kwamba bila vile vijiko vyepesi wateja watashindwa kula pilau. Huyo namfahamu tangu utoto. Kwao walikula ugali wa muhogo kwa vidole kila siku ya Mungu, na bakuli la maharage walilipangusa hadi likang'aa. Leo mkono umekuwa uchafu.

Mkufunzi alikuwa kijana aliyetoka mbali, wa viatu vyenye ncha, anayesema "ndugu washiriki" kila akivuta pumzi. Akafungua boksi, akatoa mrija wa tete. Tete hilihili la mabondeni kwetu, limekatwa ncha mbili basi. Na kila mrija, nakuapia, ulikuwa umevalishwa kimfuko chake cha plastiki. Akauinua juu kama padri anayeinua hostia, akasema huo ndio ubunifu mpya. Watu wazima wakatoa simu wakapiga picha.

Hapo ndipo nilipocheka. Sikuishia hapo, nikasimama bila kuombwa. Nikasema hicho si kitu kipya, kwetu Bukiriro bibi yangu alikuwa akiikata mirija hiyo kabla hata mkufunzi hajazaliwa, tena mizuri kuliko hiyo yake iliyopinda. Nikaona wananisikiliza, kichwa kikavimba, nikaongeza kwamba hata mimi kazi hiyo naijua tangu utoto.

Kijana hakukasirika. Alifurahi kabisa, na hilo nalo likaniudhi.

"Vizuri sana, mama," akasema. "Basi njoo utuonyeshe."

Chini ya meza alikuwa na kitita cha matete mabichi na kisu kidogo chenye makali. Alivipanga mezani, akanisubiri. Kutoka kiti changu hadi pale mbele hapakuwa mbali, lakini acha nikueleze nilichokuwa nimekibeba moyoni nikienda, ndipo utanielewa.

Nyumba ya bibi ilikuwa mgongoni mwa kilima, migomba mbele, migomba nyuma, na chini kabisa bonde. Asubuhi bonde lilijaa ukungu mpaka ukadhani mtu amemwaga maziwa. Mimi nililelewa pale. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja, kupepeta maharage na kuwafukuza kuku wasipande kwenye mtama. Huo mtama bibi aliuloweka, akaufunika kwa majani ya mgomba hadi ukachipua, akauanika, akausaga. Nyumba nzima ilinukia uchachu mtamu, na mpaka leo nikipita mahali mtu anachachusha nafaka mate yananijaa. Pombe yenyewe ilinywewa kwa kuongezewa maji ya moto, chungu kikiwa katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake. Sisi watoto tuliruhusiwa kuonja povu tu.

Mirija ilikuwa ya bibi. Wanawake wengine pale kijijini walipika pombe nzuri, hilo halikuwa na ubishi, lakini mirija walikuja kumwomba yeye. Tulikwenda bondeni mvua zikishakatika, yeye mbele mimi nyuma. Alichagua tete mojamoja, analigusa, analiacha, anagusa lingine. Akilikata alilianika kivulini, si juani. Halafu chini yake alifunga kichujio kidogo alichokisuka kwa nyuzi, ili makapi ya mtama yasipande mdomoni. Na kabla ya kukata lolote aliulizia kwanza nani anakuja. Mgeni wa mbali alikatiwa mrefu, asipate shida ya kuinama. Mzee aliyeishiwa meno alikatiwa mwembamba, asihangaike kuvuta.

"Mtu akikuta mrija wake umeshakatwa," alikuwa akiniambia, "anajua tulikuwa tunamngoja."

Akiwa anakata alinieleza. Alinieleza kila mara. Kulikuwa na kitu alichosema kuhusu kisu, namna ya kukishika, au namna ya kulishika tete, sijui. Mimi nilikuwa natazama ruba aliyening'inia mguuni mwangu, au nawatazama ndege, au nanuna. Nililichukia bonde lile. Nilichukia matope kwenye kucha na majani yale yanayokata vidole. Nilikuwa nimeanza kusoma, najua kuandika jina langu, nikajiona mtu wa maana sana, si wa kushindishwa kwenye matope na kikongwe.

Sasa baba yangu mdogo alikuwa anauza dukani Biharamulo mjini. Kila alipokuja alikuja na kitu cha kututambia, redio siku moja, miwani ya jua siku nyingine, naye kichwani hamna kitu. Mara hiyo alikuja na pakiti ya mirija ya plastiki, yenye mistari myekundu na myeupe. Alininong'oneza kwamba huko mjini watu wastaarabu wananyonyea hiyo, na kwamba vijiti vya mama yake vinatia aibu. Nilimwamini. Yule bwana alishindwa hata kufunga mlango wa choo kwa ndani, lakini kwa kuwa alivaa miwani nilimwamini.

Pakiti hiyo ilifika wiki ambayo wakwe walikuwa wanakuja. Shangazi yangu, kitinda mimba wa bibi, alikuwa amepata mchumba, na ukoo wa mchumba ungetoka huko huko Biharamulo kuja kujitambulisha. Bibi hakulala vizuri wiki nzima. Alituma watu wamuulizie wangapi wanakuja na wazee ni akina nani. Akaambiwa babu wa bwana harusi anakuja mwenyewe, mzee sana, hana jino hata moja. Bibi akashuka bondeni mara tatu kutafuta tete la yule mzee. Alipolipata alimwonyesha shangazi, na shangazi akaliinua kwenye mwanga akachungulia tundu lake, akacheka, akasema huyu babu atakunywa mpaka alewe.

Siku yenyewe mirija yote ilikuwa imelazwa kwenye ungo, jikoni, juu ya kitambaa cheupe. Niliiona, nikaona na gari la wageni linapanda kilima, na wanawake wanashuka na viatu vya visigino. Basi nikashikwa na aibu. Niliona aibu kwa ajili ya ungo ule. Bibi alikuwa nje akipokea shikamoo. Nikachukua mirija yake, yote, nikaisukuma chini ya sufuria ya maji ya moto, katikati ya mafiga. Ilikuwa mikavu, ilishika mara moja. Halafu nikapanga ile ya baba mdogo kwenye sinia, nikatoka nayo nikitembea kwa madaha.

Wewe unaijua ile mirija. Imetengenezwa kwa ajili ya chupa ya soda. Chungu cha bibi kilikuwa na kina cha mkono wangu mzima. Wazee wakainama, wakainama tena, vichwa vikagongana. Ile pombe ya moto ikailegeza, ikakunjika kama mlenda. Iliyobaki imesimama ilizibwa na makapi. Babu asiye na meno alivuta mpaka mashavu yakazama, jasho likamtoka kwenye kipara, hakupata hata tone. Akauchomoa mrija, akaitazama ile mistari, akauweka chini taratibu kando ya mguu wake. Watu wake wote wakaona, wakaiweka ya kwao pia.

Bibi alinifuata jikoni. Alitazama ungo, kitambaa kipo, mirija haipo.

"Iko wapi ya kwangu?"

Nikaonyesha mafiga kwa kidole. Majivu ya tete ni mepesi, yalikuwa yanapeperuka.

Nilijikaza nikisubiri fimbo. Ningeipokea, wallahi, leo ningeilipia. Bibi alijifuta mikono kwenye khanga, akarudi uwanjani, akapiga magoti mbele ya yule mzee, yeye mwenyewe mkongwe, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Mtusamehe, wakwe. Mimi ndiye niliyesahau kukata."

Mwanamke aliyejulikana kilima kizima kwa kitu kimoja, akasema amekisahau hichohicho, siku ya binti yake wa mwisho, ili kimsichana chenye kiburi kisiaibike. Baba mdogo alisimama pembeni na miwani yake, akaangalia migomba. Huyo nilimdharau kuanzia siku ile, na nilipokua nikajijumlisha na mimi.

Ndoa ilifungwa, lakini neno lilikwisha kutoka. Shangazi aliishi na wakwe zake miaka yote wakimtania kwamba kwao waliwasahau. Utani, ndiyo, wanacheka, wanampa chakula. Lakini kila sherehe, kila msiba, lazima mmoja aseme: kwenu walitusahau. Shangazi alijua ukweli, bibi alimwambia. Hakuwahi kunisema mbele za watu. Alipokuja kutusalimia alinipokea vizuri, akaniuliza habari za shule, na mimi nikakosa pa kuweka macho.

Na bibi hakunipeleka tena bondeni. Mvua zilipokatika alichukua kisu chake na kamba, nikasimama tayari kumfuata, akaniambia nikasome. Mwaka uliofuata vilevile. Hakununa, hakunitenga, alinipakulia kama kawaida na kunisuka nywele. Ila bondeni alikwenda peke yake, mpaka magoti yakamkatalia. Halafu hakwenda mtu. Kwenye harusi zikaja soda, na mirija ya mistari, na vijiko vinavyokatikia kwenye ugali. Asubuhi baada ya sherehe uwanja ulijaa taka hizo, kuku wakizidonoa, na mvua ikazishusha zote bondeni. Tulijiona tumeendelea sana.

Haya, turudi ukumbini.

Nilifika mezani. Nikachagua tete kwa kuligusagusa, nikiigiza vidole vya bibi. Simu zilikuwa zimeinuliwa. Nikaweka kisu chini ya pingili. Bibi alisema kitu kuhusu kisu. Nilisimama pale, mwanamke mwenye mgahawa wake na wajukuu wake, nikimtafuta bibi kichwani aniambie tena hilo neno moja, na kila nilichokipata ni ruba mguuni mwangu. Nikasukuma kisu. Tete likapasuka kutoka juu hadi chini. Nikachukua la pili, likapasuka. La tatu nilikwenda polepole, likapasuka polepole.

Mtu wa nyuma akaanza kucheka. Nadhani ni yule bwana wa kitambi, na alikuwa na haki. Mkufunzi, yule kijana niliyemdharau tangu viatu, akanisogelea akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"Si neno, mama. Ni miaka mingi."

"Nimesahau," nikamwambia.

Nikasikia neno lenyewe linavyotoka, kwa sauti ileile ya bibi, uwanjani, magoti chini. Ila bibi alisema amesahau na alikuwa anajua. Mimi sikusahau chochote. Sikuwahi kujifunza.

Siku ya pili yake nilikwenda Bukiriro. Bonde limelimwa lote, vitunguu na kabichi kwa mistari, na mfereji uliochimbwa katikati. Pembeni kabisa yamebaki matete machache, na mashina yake yamenasa mirija ya zamani, mistari myekundu imepauka lakini ipo. Hiyo haiozi. Ya bibi niliimaliza kwa moto wa sufuria moja.

Nikarudi mjini, nikanunua boksi la mkufunzi. Nifanye nini? Naivua ile mifuko ya plastiki jikoni kabla sijaipeleka mirija mezani, wateja wasione upuuzi. Juzi akaingia mzee mmoja, nikamwamkia, akaketi, akaagiza juisi ya nanasi. Nikamwekea mrija wa tete kwenye glasi. Akaushika, akaugeuza, akauinua kwenye mwanga akachungulia tundu lake, na uso wake ukafunguka.

"Nani kaukata huu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni wa kununua. Akauchomoa, akauweka mezani kando ya glasi, akanywa kwa mdomo.