Siku Niliyotumwa Kumuaga Akonkwa

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilimdanganya marehemu. Marehemu huyo alikuwa ndugu yangu, alikufa akiwa na mwaka mmoja na nusu, na uongo wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu mzima angeusahau kabla hajafika nyumbani. Mimi niliubeba kutoka kijiji cha Miti hadi mji wa Kalemie, na sikuwa na wa kumwambia.

Aliitwa Akonkwa. Tulikuwa tukikaa Bagira, mtaa wa Bukavu, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Maman alikuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba Akonkwa kila nilipotoka shule. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge na kwenda naye kila mahali, bombani, dukani, hata kwenye mchezo wa kuruka kamba. Alikuwa na tabia ya kunishika sikio la kushoto kila alipoanza kusinzia. Alipokufa kwa homa, watu walijaa nyumbani kwetu siku nzima kuwapa pole papa na maman. Mimi niliachiwa kazi ya kuosha vikombe. Sisemi hivi kwa kulaumu. Hata leo nikienda matangani hujikuta nimewapita watoto mlangoni bila neno, nikaenda moja kwa moja kwa wakubwa.

Alizikwa Miti, katika shamba la migomba la mama yake papa, ambaye sisi tulimwita Koko. Tangu siku ya mazishi maman hakulitaja tena jina lake. Hata mdogo wetu Neema alipozaliwa, miezi michache baadaye, zile nguo za mtoto zilitolewa sandukuni, zikafuliwa, zikavalishwa, na jina la aliyezivaa kwanza halikutamkwa.

Neema alikuwa na miezi minne papa alipopata kazi Kalemie. Papa alikuwa fundi wa umeme, na kwa miaka mingi alikuwa akitengeneza vitu vya watu, leo pasi, kesho redio. Sasa kiwanda kimoja kilimpa kontra, mkataba wa kweli, na akatakiwa kuwa kazini mwanzo wa mwezi. Alirudi nyumbani na karatasi ile ndani ya shati, akamsomea maman kwa sauti mara mbili. Mimi hakuna aliyenikalisha chini kuniambia kwamba tunahama. Nilijua nilipoona godoro la wageni linatoka mlangoni kichwani mwa jirani.

Kuanzia hapo nyumba ilianza kupungua. Kila nikirudi shule nilikuta pengo jipya. Meza ilikwenda kwa binamu wa maman, na mbabula, jiko letu kubwa la makaa, akapewa mama wa nyumba ya pili. Sufuria ziliingizwa moja ndani ya nyingine, zikafungwa katika shuka. Papa aliandika jina lake kwa rangi nyeupe juu ya sanduku la chuma, halafu akaandika KALEMIE, herufi zikapishana kwa sababu nafasi ilimwishia. Sauti zetu zilianza kugonga ukutani. Nilikuwa nikikaa kwenye sakafu ya chumba tulichokuwa tukilala na Akonkwa, mahali palipokuwa na kitanda, nikiwasikia maman na papa wakiulizana kama ndoo ya bluu itaingia au itabaki.

Siku moja Koko alikuja kutoka Miti na gunia la maharage ya safari. Alikunywa chai yake hadi mwisho ndipo akasema kilichomleta.

"Mutoto ya ku shamba, nani atamuambia kama munahama?"

Papa akaweka chini kamba aliyokuwa akiikaza. "Mama, tulimuombea misa."

"Misa iko ya Mungu. Nauliza mutoto, nani atamuambia?"

Maman alikuwa akikunja nguo. Akachukua nguo nyingine.

Koko akaeleza, kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda hospitali. Mtoto aliyezikwa huendelea kuwatembelea watu wake. Wakihama bila kumwambia, atakuja nyumbani na kukuta mlango umefungwa, na kwa kuwa ni mdogo hajui njia, ataanza kuwatafuta. "Akiwakuta, atashika mutu mwenye anajua," alisema. "Haiko kwa ubaya. Mutoto anashika tu." Kisha akaniangalia. "Sauti yenye alizoea ni ya huyu. Samedi nitamupeleka."

Papa akaokota kamba yake, akaendelea kuikaza. Alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, lakini alikuwa pia mtoto wa Koko.

Jumamosi asubuhi maman alisema hawezi kwenda kwa sababu ana mablangeti ya kufua. Nilimwacha uani na beseni, Neema mgongoni. Mimi na Koko tulishuka hadi barabara ya Kavumu, tukapanda minibasi, ziwa likiwa kulia kwetu, kisha likapotea nyuma ya mikaratusi. Njiani Koko alinifundisha maneno. Nitaje jina la mji. Nitaje kila anayekwenda. Nimwambie kwamba yeye anabaki na Koko, na kwamba asitufuate.

Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe, na msalaba wa mbao ulioanza kuwa mweusi kwa mvua. Koko aliondoa majani makavu ya migomba, akanisimamisha, akasema, "Mimi naenda kule ku mihogo. Ile maneno iko yenu wawili."

Nikabaki peke yangu. Kulikuwa na ukungu, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye migomba ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Nilianza vizuri. Nilisema, "Akonkwa, ni mimi Nabintu." Kisha nikatafuta neno Kalemie, nikalikosa. Nililiona jinsi papa alivyoliandika, herufi zimebanana, lakini halikutoka. Niliwaza atakavyobaki pale, na maji yale yakidondoka, akisikia kwamba sisi sote tunakwenda, hata Neema ambaye hakuwahi kumwona. Na mimi ndiye nimwambie asinifuate, mimi ambaye kila nilipomwacha kwa dakika mbili alitambaa hadi mlangoni akinililia.

Nikasema, "Tunaenda tu soko ya Kadutu. Tutarudi sasa hivi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwambia alipokuwa hai, na alikuwa akinyamaza. Niligeuka na kwenda haraka kwenye mihogo.

"Ulimuambia?" Koko aliuliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

Aliniangalia kidogo, akanikatia kipande cha muwa, tukarudi barabarani.

Tuliondoka siku ya Jumatatu. Kamiyo, yaani lori, ilitushusha hadi Uvira, kisha tukachukua boti katika bandari ya Kalundu. Watu wengi hukumbuka safari yao ya kwanza kwa yale waliyoyaona. Mimi nakumbuka nilivyokaa nimegeukia nyuma. Kila tulipozidi kwenda mbali niliuona uongo wangu ukizidi kukua, kwa sababu soko la Kadutu halichukui siku tatu.

Kalemie kulikuwa na joto ambalo watu wa milimani kama sisi hatukulijua. Nyumba tuliyopewa ilikuwa kubwa kuliko ile ya Bagira, na vitu vyetu vilivyosalia havikutosha hata chumba kimoja. Papa aliondoka alfajiri, akarudi amechoka na amefurahi. Maman alikuwa hajapata mahali sokoni, akashinda ndani. Shuleni watoto walicheka namna yangu ya kusema, wakanipa jina la Mushi, yaani mtu wa kabila letu la milimani, nami nikajifunza kunyamaza. Nilikuwa nikitoka shule na kukaa nyuma ya nyumba, nikisikiliza kama kuna mtoto anayelia barabarani. Walikuwapo wengi. Kila mmoja nilienda kumtazama.

Jambo moja niliacha kulifanya. Niliacha kumbeba Neema. Katika akili yangu niliona kwamba Akonkwa akifika amechoka na njia, na kukuta kuna mtu mwingine mahali pake mgongoni, hatanishika mimi. Atamshika yule. Maman alidhani ni uvivu. Alinisema, akaninyima uji siku moja, na mimi nikakubali kusemwa.

Wiki ya tatu Neema akashikwa na homa.

Ilikuwa homa ile ile ya kutetemeka, macho yale yale. Maman alimpeleka kituo cha afya, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Siku ya pili ilikuwa bado. Mchana maman alikuwa akimpoza kwa kitambaa cha maji, na akahitaji kukoroga uji, akaninyooshea mtoto.

"Mubebe kidogo."

Nikarudi nyuma hadi ukutani.

"Nabintu, mubebe mutoto."

"Siwezi."

Alinitazama, na safari hii hakukasirika. Nadhani aliona kitu usoni kwangu. "Uko na nini?" aliuliza.

"Sikumuambia."

"Haukumuambia nani?"

Sikujua kama ninaruhusiwa kulisema jina lile ndani ya nyumba. "Akonkwa," nikasema. "Nilimuambia tunaenda soko. Koko alisema nimuambie yote, na mimi nilimuambia tunaenda soko tutarudi. Sasa amekuja."

Maman aliketi pale pale kwenye kizingiti, Neema mapajani. Uji ukaanza kuungua, na hakuna aliyeinuka. Nilingoja kupigwa. Ningefurahi kupigwa.

"Yale mablangeti yalikuwa safi," akasema mwisho. "Niliyafua tu ili nisiende."

Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akajifuta, akaniita nikae karibu yake, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliangalia uani, kwenye jua kali la saa saba, na kuanza kuzungumza.

"Akonkwa," alisema. "Tuko Kalemie. Papa yako alipata kazi. Huku kuko joto, maji iko karibu, nyumba iko na mulango ya bluu. Huyu ni mudogo yako, anaitwa Neema, iko anaugua. Weye ubaki na Koko. Siku nilikuacha sikukuaga vizuri, ju nilishindwa."

Aliendelea hivyo. Alimweleza habari za nyumba chumba kwa chumba. Alimweleza nani alichukua meza. Kisha akanigusa goti, nami nikajua ni zamu yangu. Nilikuwa na maneno yote ya Koko, nilikuwa nimeyakariri njia nzima. Nilisema tu, "Nilikudanganya." Nikaongeza jina la mji.

Halafu nikampokea Neema na kumfunga mgongoni, maman akaenda kumimina uji uliokuwa mzima juu na umeungua chini. Mwili wa Neema ulinichoma kama chuma kilichoanikwa. Nilizunguka naye uani, nikiimba chochote.

Homa ilishuka siku mbili baadaye. Mimi leo ni muuguzi, na nimewapokea watoto wengi walioshuka kutoka milimani kwenda mabondeni na kushikwa na malaria katika mwezi wa kwanza. Najua mbu anavyofanya kazi, na najua ni dawa ya kituo kile iliyomponya mdogo wangu. Simwambii mama yeyote jambo jingine.

Lakini nilipokuwa na miaka kumi na minane nilirudi Bukavu kusoma uuguzi, na wikiendi ya kwanza nikaenda Miti kuungama kwa Koko. Alikuwa amezeeka sana, akimenya maharage kwa vidole vya polepole. Nilimweleza yote. Hakushangaa.

"Nilijua," alisema. "Ulirudi haraka. Mutu anaaga mutu hawezi rudi haraka vile."

"Na haukusema kitu?"

"Nilimuambia mwenyewe, kesho yake. Nilimuambia Nabintu atakuja sema siku yake."

Nitasema kweli kwamba nilikasirika. Nilihesabu zile wiki za Kalemie, mtoto amekaa nyuma ya nyumba akisubiri sauti ya mtoto mwingine, na neno moja la Koko lingeweza kuzimaliza. Nilikasirika kwa miaka kadhaa, na hata sasa sijaiacha yote. Mtu mzima akijua kwamba mtoto anabeba kitu kizito, ni vyema amwambie kwamba anajua.

Upande wa pili naona kwamba katika maandalizi yale yote ya kuhama, Koko peke yake ndiye aliyekumbuka kuuliza habari za watu tunaowaacha, na ndiye peke yake aliyeona kwamba Akonkwa alikuwa wangu pia. Wengine walinipa vikombe nioshe. Yeye alinipa kazi ambayo ilinishinda, lakini ilikuwa kazi ya mtu aliyefiwa.

Sijui kama marehemu husikia. Ninachojua ni habari ya maman. Ile miezi ya mwisho Bagira, akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu wawili, akabadilisha mazungumzo. Wiki chache baada ya homa ile, jirani mpya wa Kalemie alikuja kujulishana, akamwuliza swali lile lile mlangoni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya maman, Neema mgongoni.

"Batatu," maman akasema. "Mumoja alibaki Miti."